Kuzama Katika Lugha ya Pili ya Wenyeji: Maisha ya Mwanafunzi Mgeni wa Kiswahili Tunduma na Mkoani Songwe

Ikisiri

Makala hii inaeleza maisha ya mwanafunzi wa kigeni ajifunzaye Kiswahili kwa kuishi na wenyeji katika likizo ya kiangazi cha nchi za kaskazini. Mahali panapochunguzwa ni Tunduma na Mkoa wa Songwe, ambako Kiswahili ni lugha ya pili ya wakazi wengi. Hoja kuu ni kwamba mbinu ya kuzamisha, kama ilivyobuniwa kwa lugha kama Kihispania na Kifaransa, hudhania kuwa familia inayompokea mgeni huzungumza lugha lengwa kama lugha yake ya kwanza. Songwe dhana hiyo haisimami. Kwa hiyo kanuni za maisha ya mwanafunzi, haki za familia mwenyeji na vipimo vya umilisi havina budi kufikiriwa upya.

1.0 Utangulizi

Kujifunza lugha kwa kuzama ni kuishi katika mazingira ambamo lugha lengwa ndiyo chombo cha kuombea chakula, kuulizia njia, kutania na kugombana. Mbinu hii ina historia ndefu kiasi. Mwaka 1915 Chuo cha Middlebury, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kilianzisha shule ya kiangazi ya Kijerumani. Ya Kifaransa ilifuata mwaka 1916 na ya Kihispania mwaka 1917. Shule hizo zilikuja kujulikana kwa ahadi ya lugha, yaani kiapo cha mwanafunzi cha kutotumia lugha nyingine yoyote katika muda wote wa masomo. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Delaware kilipeleka wanafunzi wake Ufaransa, na mwaka 1965 watoto wa Kiingereza wa St. Lambert, nchini Kanada, walianza kufundishwa masomo yao kwa Kifaransa.

Leo Mmarekani anayetaka Kihispania huenda Uhispania, Mexico au Costa Rica, akakaa na familia kwa majuma kadha. Kwa upande wa Kiswahili, programu za namna hiyo zimejikita hasa Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar. Miongoni mwake ni miradi ya Fulbright-Hays ya Kiswahili cha ngazi ya juu, masomo ya kiangazi ya Critical Language Scholarship yaliyofanyika Arusha, na kozi za wageni katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Aidha, Wamarekani wa kujitolea wa Peace Corps wamekuwa wakikaa na familia za Kitanzania katika kipindi cha mafunzo, kabla ya kupangiwa vituo vijijini, vikiwamo vya Nyanda za Juu Kusini.

Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: mwanafunzi wa namna hiyo akiishi Songwe badala ya Zanzibar, anazama katika nini? Jibu lake lina manufaa zaidi ya Songwe, kwa sababu sehemu kubwa ya Tanzania bara inafanana na Songwe kuliko inavyofanana na Zanzibar.

2.0 Hali ya Lugha Mkoani Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu yako Vwawa, na wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.3. Tunduma, mji wa mpakani, unapakana na Nakonde ya Zambia. Hapo hupita barabara kuu iendayo Lusaka na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa katika miaka ya 1970.

Lugha za asili za mkoa ni nyingi. Kinyiha, Kinyamwanga, Kiwanda, Kimalila na Kilambya huwekwa katika kundi la M.20 la uainishaji wa Guthrie. Kindali, kinachosemwa Ileje, kimo katika kundi la M.30 pamoja na Kinyakyusa. Kiwungu, upande wa Ziwa Rukwa, ni cha kundi la F.20. Kibemba, kinachoingia kutoka Zambia, ni cha M.40. Kiswahili chenyewe ni cha G.40. Lugha hizi zote ni za Kibantu, lakini undugu huo haumtoshi mtu kuelewa lugha ya jirani yake bila kujifunza. Kinyamwanga kinasemwa pande zote mbili za mpaka, kwani mstari uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 ulizigawa jamii bila kuziuliza.

Kiswahili hakikuwa na nafasi hii tangu mwanzo. Mmisionari wa Kimoraviani Traugott Bachmann, aliyeanzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899, alijifunza Kinyiha na kukitumia katika kazi yake ya tafsiri. Mgeni wa wakati ule aliyetaka kuishi na watu wa Mbozi alizama katika Kinyiha. Kiswahili kilipata nguvu kubwa baada ya uhuru, hasa kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967. Biashara ya mpakani na kazi ya reli zilikiongezea matumizi mjini. Matokeo yake ni kwamba mzee wa Mbozi anayezungumza Kiswahili kwa ufasaha leo, yumkini naye alikuwa mwanafunzi wa lugha hiyo katika utoto wake. Alijifunza bila ahadi ya kuandika wala cheti.

3.0 Siku ya Mwanafunzi

Ratiba ya programu za kiangazi haitofautiani sana. Asubuhi ni masomo ya darasani, kwa kawaida saa tatu au nne. Mchana ni mazungumzo na wenza wa lugha au ziara. Jioni na usiku ni vya familia mwenyeji. Kwa hesabu ya saa, nyumba humfundisha mwanafunzi muda mrefu kuliko darasa.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni neno kiangazi lenyewe. Anakuja katika kiangazi cha kwao akiwa na nguo nyepesi, naye anaikuta Mbozi katika kipupwe, yaani Juni na Julai, wakati asubuhi ni za baridi na watu wanajifunika mablanketi. Ni kiangazi pia kwa maana ya Kitanzania, kwa kuwa mvua zimekatika, barabara zina vumbi na kahawa inachumwa. Neno moja linamlazimisha kuelewa kwamba maana hukaa katika nchi, wala si katika kamusi peke yake.

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inaeleza kwa ufupi jambo ambalo wanaisimu wamelijadili kwa miaka mingi. Krashen (1985) alisisitiza kuwa mjifunzaji anahitaji kusikia lugha inayoeleweka iliyo juu kidogo ya kiwango chake. Swain (1985) alijibu kuwa kusikia hakutoshi. Ni lazima mjifunzaji asukumwe kuzalisha lugha yake mwenyewe. Jikoni yote mawili hupatikana. Mama mwenyeji anapomwambia, "Mwanangu, injika sufuria," kisha baadaye, "Haya, epua," mwanafunzi hapewi tafsiri. Anaona sufuria ikipanda na kushuka jikoni. Hali kadhalika hujifunza kuchambua maharage, kupepeta, kukuna nazi pale inapopatikana, na kusonga ugali. Mwanafunzi aliyefundishwa kitenzi "pika" peke yake hugundua kuwa upikaji una vitenzi kumi, na kwamba akikosea kimoja chakula huungua.

Sokoni Tunduma somo ni jingine. Bei hutajwa kwa shilingi na kwa kwacha. Hesabu huendeshwa kwa haraka, nayo humtesa mgeni kuliko sarufi, hasa akumbukapo kuwa saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi. Aliyeambiwa basi la kwenda Vwawa linaondoka saa mbili, naye akafika saa nane mchana, hatasahau tena.

Salamu nazo ni kazi ya kila saa. Mwanafunzi hujifunza kuwa "shikamoo" haiwezi kurukwa, kwamba aliye kazini huambiwa "pole na kazi", kwamba mlangoni hupigwa hodi, na kwamba "karibu tule" ni mwaliko wa kweli unaohitaji jibu la adabu hata kama ameshiba. Hujifunza pia kumwita mwenyeji wake kwa jina la mtoto wake, mama fulani au baba fulani, na kutomwita mtu mzima kwa jina lake tupu. Haya hayapimwi vyema na mtihani wa kuandika, lakini ndiyo yanayoamua kama majirani watazungumza naye tena kesho.

4.0 Nyumba Inaporudi Kwenye Lugha Yake

Baada ya majuma mawili hivi hutokea jambo ambalo vitabu vya mwongozo haviligusi sana. Usiku, mama, bibi na watoto wameketi jikoni. Mazungumzo yalianza kwa Kiswahili kwa ajili ya mgeni. Kidogo kidogo yanahamia Kinyiha au Kinyamwanga. Kicheko kinatokea, na mgeni hajui kinachochekwa. Mwanafunzi aliyelipa fedha nyingi na kuvuka bahari ili azame katika Kiswahili anajiona ametupwa ufukoni. Wapo watakaodhani wanasengenywa. Wengine watamlalamikia mratibu wa programu kwamba familia haitimizi wajibu.

Lalamiko hilo lina msingi, lakini limetazama upande mmoja. Huko Uhispania, familia inayompokea mgeni huendelea kusema lugha yake ileile ya siku zote. Kinachobadilika labda ni kasi tu. Mbozi, familia inayozungumza Kiswahili usiku kwa ajili ya mgeni imeacha lugha yake ndani ya nyumba yake. Bibi ambaye Kiswahili chake ni kizito hunyamaza. Mtoto mdogo ambaye ndiyo kwanza anajifunza lugha ya bibi yake hukosa muda huo. Kwa lugha zisizofundishwa shuleni, jikoni ndilo darasa lake la mwisho. Majuma manane ya ukimya si kitu kidogo, na familia inayopokea wageni kila mwaka hurudia gharama hiyo kila mwaka. Posho ya chakula na malazi haiigusi.

Kwa upande wa pili, mwanafunzi akiachwa peke yake hatajifunza. Schumann (1978) alieleza habari za mhamiaji mmoja kutoka Costa Rica, aliyempa jina la Alberto, ambaye aliishi Marekani katikati ya Kiingereza lakini lugha yake haikusonga mbele. Sababu aliyoitoa Schumann ni umbali wa kijamii na kisaikolojia baina ya mjifunzaji na wasemaji. Kuwapo mahali si sawa na kushiriki. Norton, katika uchunguzi wake wa mwaka 1995 juu ya wanawake wahamiaji nchini Kanada, aliongeza kuwa nafasi ya kusema hugawanywa kwa mamlaka: wapo wanaosikilizwa na wapo wasiosikilizwa.

Ufumbuzi unaoelekea kuwa wa haki ni kugawa saa badala ya kudai siku nzima. Familia na mwanafunzi wanaweza kukubaliana kuwa wakati wa kupika na kula ni wa Kiswahili, na kwamba baada ya hapo nyumba ni huru. Katika saa za uhuru mwanafunzi anaweza kusikiliza, kuuliza neno mojamoja, au kwenda kulala. Mpango huu hupunguza saa za Kiswahili, lakini huongeza ubora wake, kwa sababu mtu anayezungumza kwa hiari huzungumza vizuri kuliko anayelazimika.

5.0 Kosa au Kanuni?

Mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili sanifu hufika na masikio ya kusahihisha. Anasikia "zambi" mahali pa "dhambi", "samani" mahali pa "thamani", na "gali" mahali pa "ghali". Matamshi haya, ambayo yameenea bara, hutokana na lugha za kwanza zisizo na sauti hizo. Kwa kipimo cha usanifu ni makosa, na mwalimu ana haki ya kumfundisha mwanafunzi matamshi sanifu. Lakini mwanafunzi asiyeweza kuelewa "samani ya shamba" hawezi kusemwa kuwa anaelewa Kiswahili kinavyosemwa Tanzania.

Mfano wa pili ni wa ndani zaidi. Mgeni anaweza kumsikia kijana akimsalimu mzee mmoja, "Mmeamkaje?" Kitabu chake kinamwambia kuwa m- ni kiambishi cha wingi, mzee ni mmoja, basi kijana amekosea. Hakukosea. Katika lugha kadha za eneo hilo, wingi ndio heshima. Katika Kinyiha na baadhi ya lugha jirani, salamu ya asubuhi hujengwa juu ya kitenzi -gona, chenye maana ya kulala, na mkubwa husalimiwa kwa kiambishi cha wingi. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba husema "mwashibukeni", salamu inayotokana na kuamka, nayo pia ina alama ya wingi hata kwa mtu mmoja. Kijana amechukua kanuni ya adabu ya lugha yake ya kwanza na kuivika maneno ya Kiswahili. Katika Kiswahili sanifu, heshima ya salamu hubebwa zaidi na neno lenyewe, "shikamoo", kuliko na kiambishi cha wingi. Mwanafunzi anayetambua tofauti hiyo amejifunza mofolojia na adabu kwa pamoja.

Kuna hatari ya aina nyingine, nayo ni lugha ambayo wenyeji humsemesha mgeni. Ferguson (1971) alionyesha kuwa wasemaji wa lugha nyingi hurahisisha usemi wao wanapozungumza na wageni. Mwanafunzi huambiwa "wewe taka chai?" na mtu ambaye humwambia mwanawe "unataka chai?" Akikizoea Kiswahili hicho, atarudi kwao na lugha ambayo hakuna mwenyeji aisemayo na mwenyeji mwenzake. Hapa ndipo watoto huwa walimu bora kuliko wazazi wao, kwa kuwa hawajui kurahisisha, na tena hucheka panapostahili kuchekwa.

6.0 Mpaka na Kishawishi cha Kiingereza

Hatua chache kutoka soko la Tunduma ni Zambia, ambako Kiingereza ndicho lugha rasmi. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwezi Oktoba mwaka 2019, na hapo hukutana madereva wa malori, utingo, mawakala wa forodha na wabadilisha fedha. Kiswahili, Kibemba, Kinyamwanga na Kiingereza hupokezana katika mazungumzo mamoja. Kwa mtaalamu wa kubadili msimbo, mahali hapo ni hazina. Kwa mwanafunzi aliyechoka, Kiingereza ni mlango wa kutokea.

Kishawishi hicho si cha Tunduma peke yake. Freed, Segalowitz na Dewey (2004) waliwalinganisha wanafunzi 28 wa Kimarekani wa Kifaransa: waliosoma chuoni kwao kwa kawaida, waliokwenda Ufaransa, na waliobaki Marekani katika programu kali ya kuzamishwa. Walioendelea zaidi katika wepesi wa kusema walikuwa wa kundi la mwisho. Sababu moja ilijitokeza wazi: waliokwenda Ufaransa waliripoti kutumia Kiingereza kuliko Kifaransa, ilhali waliobaki walitumia Kifaransa kwa saa nyingi zaidi. Kwa hiyo safari peke yake haifundishi lugha. Kinachofundisha ni saa za matumizi.

Kwa kipimo hicho Songwe ina faida moja kubwa. Katika miji ya utalii, mwenye duka humjibu mgeni kwa Kiingereza kabla hajamaliza sentensi. Katika kijiji cha Mbozi au Ileje, Kiswahili ndicho lugha pekee ambayo mgeni na mwenyeji wanaweza kukutania, kwa sababu mgeni hajui Kinyiha wala Kindali, na wanakijiji wengi hawatumii Kiingereza katika shughuli zao. Zaidi ya hayo, pande zote mbili zimekifikia Kiswahili kwa kujifunza. Mama aliyejifunza Kiswahili shuleni huelewa ugumu wa ngeli kwa namna ambayo msemaji wa kuzaliwa nacho huenda asiielewe.

7.0 Hitimisho

Mwezi Agosti mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikubali Kiswahili kiwe lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ambayo huangukia katikati ya msimu wa wanafunzi wa kiangazi. Kiswahili kinapoelekea kusini kwa njia ya nchi kavu, Tunduma ni mojawapo ya milango yake. Mzambia atakayekijifunza hapo, sawa na Mmarekani, atakipokea kutoka kwa watu ambao kwao ni lugha ya pili.

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanapendekezwa kwa waandaaji wa programu. Kwanza, ahadi ya lugha iwe mapatano ya pande mbili, yanayotaja saa za Kiswahili na saa za uhuru wa nyumba, nayo yafikiwe na familia nzima, bibi akiwamo. Pili, mwanafunzi afundishwe kabla ya safari salamu chache za lugha ya familia yake mwenyeji, na aelezwe kuwa kusikia lugha hiyo usiku si dharau. Tatu, mitihani ya kusikiliza itumie pia sauti za wasemaji wa bara, huku matamshi na sarufi sanifu vikiendelea kuwa kigezo cha usemi wa mwanafunzi mwenyewe.

Mwanafunzi aliyeishi hivyo anaweza kurudi kwao akiwa na saa chache za Kiswahili kuliko alizoahidiwa. Hata hivyo atakuwa amejua jambo ambalo ni vigumu kulijua akiwa mahali pengine: kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa kwa sababu mamilioni ya watu walikubali kujifunza lugha isiyo ya mama zao, na kwamba wale waliompokea jikoni ni miongoni mwao.